Saa inasema presha ya mama iko sawa, zahanati wanasema 178/104. Niamini ipi?

BintiMakorora, Tanga

Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada, nyumbani hatulali.

Mama ana miaka 63, ana presha ya kupanda tangu 2017. Dawa yake ni amlodipini, kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai. Mjomba alipokuja kutoka Muscat alimletea saa ya kielektroniki, inahesabu hatua, mapigo ya moyo, hata presha na sukari. Mama akaipenda mno. Kila akimaliza kuswali anabonyeza, anasubiri, anatuonyesha: 118/76. Majirani nao wanakuja kupimwa barazani, saa inatoka mkono huu inaingia mkono ule.

Jumatatu nilikuwa napanga kabati lake nikakuta karatasi tatu za vidonge, hazijaguswa. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, presha imeshuka, si unaiona mwenyewe? Ninywe dawa ya nini tena?" Kumbe ana wiki tano hajameza. Nikampeleka zahanati siku hiyo hiyo: 178/104. Wakarudia baada ya dakika kumi: 174/102. Tulipofika nyumbani saa ikaandika 119/77.

Sasa anasema mashine ya zahanati ndiyo mbovu. Sitaki kumvunjia heshima, na saa ni zawadi ya kaka yake. Nimwambie nini? Na nikitaka mashine ya nyumbani, ninunue ya namna gani?

MuuguziWaZamu

Pole dada, na umefanya vyema kumwahisha. Niko kliniki ya presha na kisukari, kisa kama hiki si cha kwanza kwangu.

Mashine ya zahanati inabana mkono mpaka damu inasimama, halafu inaachia taratibu ikipima mtikisiko wa mshipa. Saa haibani kitu. Ina taa ya kijani chini yake inayomulika ngozi. Kwa mapigo ya moyo inajitahidi, ila presha inakisia tu. Hata zile chache za kampuni kubwa zinataka zilinganishwe na mashine ya mkanda kila baada ya wiki 4.

Sukari ndiyo msiitazame kabisa humo. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari bila kutoboa ngozi. Kama kuna jirani anayejichoma insulini akafuata namba za hiyo saa, anaweza kuanguka. Tafadhali mwambieni leo.

Nunua mashine ya mkanda wa mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono wa mama kati ya bega na kiwiko, ndipo uchague mkanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba. Kabla ya kupima aende haja ndogo, akae dakika 5 ameegemea, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo, asiongee. Kliniki tunahesabu presha kuanzia 140/90. Nyumbani ni 135/85. Na asimeze viwili kufidia vilivyopita.

MzeeWaMvita

Mwanangu, nina miaka 71. Machi 2020, kafyu ilipoanza hapa Mombasa, niliogopa kwenda kliniki nisije nikapata korona. Dawa zikaisha, nikajiona mzima, nikanyamaza. Miezi minne baadaye kikombe cha kahawa kilinitoka mkononi alfajiri. Mpaka leo mke wangu ndiye anayenifunga vifungo vya kanzu, mkono wa kushoto hauwezi.

Mwambie mama presha haiumi. Ilishuka kwa sababu ya kile kidonge. Saa usimnyang'anye, imhesabie hatua za kwenda sokoni.

FundiSimu_Ngamiani

Dada, ifunge saa kwenye ndizi mama akiwa anaona.

BintiMakorora

Shikamoo Mzee. Nilimsomea mama maneno yako, akaniuliza mara mbili habari za vifungo.

Ya ndizi pia nimefanya. Nilichukua ndizi bokoboko moja jikoni, nikaifunga saa, nikabonyeza. Taa ikawaka, ikamulika muda ule ule inaommulika mama, kisha ikaandika: mapigo 74, presha 121/79. Mama aliishika ile ndizi, akaigeuza, hakusema neno. Baadaye akaniita nimletee maji.

Leo siku ya nne anameza. Mkono wake una sentimita 33, tumepata mashine yenye mkanda mkubwa. Jirani anayechoma insulini nimemwona, amerudi kwenye kipimo chake cha kidole. Muuguzi, asubuhi namba ya kwanza ilikuwa 156/94, ya pili 150/90. Niandike ipi?

MuuguziWaZamu

Zote mbili, dada. Kila ukipima, piga mara mbili, acha dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Daftari lije naye kliniki, na mashine yenyewe pia, wailinganishe na yao.