Utafiti wa wanyamapori: SUA, UDSM au Mweka?

Kanga Mtoro
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, CBG (kemia, biolojia na jiografia), na anataka kuwa mtafiti wa wanyamapori. Sio askari, mtafiti. Mezani kuna digrii ya Usimamizi wa Wanyamapori SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Sayansi na Uhifadhi wa Wanyamapori UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), na chuo cha wanyamapori cha Mweka. Kila ninayemuuliza anasifia alikosoma yeye. Nisaidieni kulinganisha.

Mzee wa Pori
Mimi ni zao la Mweka na sifichi. Chuo kipo tangu 1963, pale mtelemkoni mwa Kilimanjaro, na kazi yake ya asili ni kutoa mameneja wa hifadhi. Dogo atalala kwenye hema, atasoma ramani, atajifunza kukaa na wanakijiji ambao tembo wamewamalizia mahindi usiku. Hapo hakuna wa kutupita. Ila kama ndoto yake ni kuchapisha tafiti, nitakuwa muongo nikisema Mweka ndiyo njia fupi.

Binti Ikolojia
Mzee kasema kweli. Mtafiti anaishi kwa takwimu. Chukua kamera za mtego, zile zinazojipiga zenyewe kitu kikipita mbele yake: watu wanadhani ni kuifunga kwenye mti na kumsubiri chui. Madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia, kwa hiyo unafunga mbili zinazotazamana, la sivyo chui mmoja utamhesabu wawili. Unarudi na maelfu ya picha, nyingi ni nyasi zilizochezeshwa na upepo. Ukishazichambua, bado unatakiwa ukadirie wapo wangapi kwa jumla, pamoja na ambao kamera haikuwanasa. Hiyo ni hesabu tupu.

Kwa hiyo omba mtaala wa kila chuo, uangalie takwimu zinafundishwa kwa kina gani, kama kuna R (programu ya takwimu) na GIS (ramani za kompyuta), na kama mwanafunzi anafanya utafiti wake mwenyewe kabla ya kumaliza. UDSM imekaa kizuolojia zaidi. Kura yangu iko huko.

Nyumbu Mkorofi
Dada, unaionea SUA 😂 Sisi tunamsoma mnyama pamoja na nyasi anazokula na mfugaji anayezigombania. Halafu misitu na udaktari wa wanyama viko chuo hicho hicho. Nilipotaka kupima vimelea kwenye kinyesi cha swala, sikwenda mbali kutafuta maabara.

Kanga Mtoro
Na huo udaktari wa wanyama, akasome kisha ahamie porini?

Binti Ikolojia
Miaka mitano, wakati Usimamizi wa Wanyamapori ni mitatu, na muda mwingi yuko na ng'ombe, mbwa na kuku. Aende kama anapenda tiba. Kumlaza tembo kwa dawa ili avishwe kola ya kumfuatilia ni kazi ya daktari. Kujua kwa nini tembo huyo kila kiangazi anapita ushoroba ule ule, yaani njia ya wanyama, hiyo ni kazi ya kwetu watafiti.

Ajira Tu
Mmeongea elimu, tuje kwenye mkate. TAWIRI ndiyo taasisi ya serikali ya utafiti wa wanyamapori, na kwa digrii ya kwanza peke yake utafiti hauendi mbali. Ahesabu shahada ya uzamili tangu leo. Chuo cha Nelson Mandela pale Arusha ni mlango mmojawapo. TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (mamlaka ya wanyamapori) na mamlaka ya Ngorongoro ni jeshi usu: hata mwanaikolojia anapitia mafunzo ya kijeshi na anavaa gwanda. Huyo "sio askari" aambiwe mapema.

Mzee wa Pori
Na saluti atapiga.

Kanga Mtoro
Nimemsomea yote. Gwanda kasema halina shida. Anachoogopa ni hesabu, ana BAM tu, ile hesabu ya msingi ya kidato cha tano na sita.

Binti Ikolojia
BAM inamtosha kuanzia. R ni ya bure, aipakue sasa hivi aichezee kabla vyuo havijafunguliwa. Na vigezo vya CBG avihakiki kwenye mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu, asiamini wa mwaka jana.