Kamera ya mamilioni, naogopa kutoka nayo mtaani. Naomba ushauri

Wakuu, habari za wakati huu. Mwezi wa tatu sasa nina Sony A7 IV na lenzi ya 24-70mm, nimejinyima karibu miaka miwili kuipata. Tatizo, inalala kabatini. Harusini naenda nayo bila wasiwasi, lakini picha ninazozipenda hasa ni za mtaani: wachuuzi wa Kariakoo, soko la samaki Feri alfajiri.

Jumamosi nilijikaza nikaenda Feri. Mkanda nimeuzungusha mkononi mara mbili, na kila bodaboda ikipita nyuma yangu naikumbatia kamera kama kichanga. Mzee mmoja muuza pweza akanicheka: "Kijana, piga picha basi, au umekuja kuitembeza?" Nikarudi na picha kumi na moja, nusu zimetikisika. Na hapo sijataja chumvi ya bahari na maji ya samaki.

Mnaopanda daladala na vifaa vya bei mbaya, mnafanyaje? Nimefikiria kuziba nembo kwa selotepu nyeusi ya mafundi umeme, au nitafute lenzi ndogo ya 35mm isiyovuta macho. Na bima je, kuna aliyeikatia kamera hapa Bongo, ikaibiwa, akalipwa kweli?