Tupeane uzoefu: kuwinda vitu vya kale na mitumba ya maana hapa Mwanza

Wakuu, habari za jioni. Naomba tukutane hapa sisi ambao tukipita Makoroboi au Mlango Mmoja macho hayatulii: kuna cherehani ya chuma kizito chini ya rundo la masufuria, kuna rupia ndani ya kopo la skrubu, kuna koti la sufu katikati ya robota. Raha ya kazi hii ni pale mkono unapokitambua kitu kabla muuzaji hajakitaja jina. Lakini mkono haujui wenyewe, unafundishwa. Kila mmoja aeleze kitu anachokijua kweli: kinapatikana wapi, kinapimwaje, kinaharibikia wapi. Bei tuziache, zinabadilika kila wiki.

Mdau wa Kirumba

Naanza na karabai, ile taa ya mafuta ya taa yenye pampu, kwa sababu ni kitu cha ziwa hili. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na kwa miaka mingi taa ya mvuvi ilikuwa karabai. Sasa wengi wamehamia taa za betri na sola, kwa hiyo karabai zimelala stoo za mialoni, kuanzia Mwaloni hapa Kirumba mpaka Ukerewe. Nyingine zinaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu na kupimwa kilo kama bomba bovu. Inauma, maana Petromax ya Mjerumani au Tilley ya Mwingereza ikikutana na mtu anayeijua inawaka tena.

Ukiikuta, soma kwanza maandishi kwenye tangi, kisha toa sumaku. Tangi la shaba njano halivutwi, hata kama juu limepakwa nikeli. Likivutwa ni chuma, na chuma huoza kwa ndani, kwa sababu maji yakiingia kwenye mafuta ya taa hutulia chini kabisa na kula kitako. Fungua kifuniko, mulika na tochi ya simu. Kutu ikibanduka vipande vipande, achana nalo.

Kama ni shaba, omba beseni la maji. Tangi likiwa tupu na baridi, funga kila kitu, piga pampu mara 20 hivi, zamisha. Mapovu yakitoka kwenye kifuniko ni raba tu. Yakitoka kwenye tundu la pampu ni valvu ndogo iliyo chini ya pampu, nayo hubadilishwa. Yakitoka kwenye shaba yenyewe, hasa karibu na shingo, huo ni ufa mwembamba kama unywele. Hapo nunua kwa ajili ya vipuri au pambo, usiiwashe kamwe. Tangi hilo hubeba mgandamizo, na kiraka cha risasi si cha kuaminiwa karibu na moto.

Pampu isiyokaza haimaanishi taa imekufa. Mara nyingi ni ile ngozi ya kikombe iliyokauka. Itoe, iloweke kwenye mafuta ya cherehani usiku mmoja, itanue kingo kwa kidole, irudishe. Usitumie mafuta ya alizeti, yanaganda na kuwa gundi. Halafu angalia nozeli: tundu likishapanuliwa kwa waya au pini, moto huwa wa njano wenye masizi na kioo cheusi. Ile sindano yake ya kuzibulia ndiyo pekee inayotakiwa kupita pale. Na petroli isiingie kwenye karabai hata tone, inalipuka.

Jambo moja zaidi. Vile vifuko vya kitambaa vinavyotoa mwanga, vya zamani, vilitengenezwa kwa thoriamu, ambayo ina mionzi kidogo. Kikivunjika usipulize yale majivu. Futa kwa kitambaa kibichi, utupe, unawe.

Mdau wa Makoroboi

Kaka wa Kirumba umeeleza vizuri. Mimi ni cherehani.

Singer ya chuma ina namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa kulia. Namba bila herufi ni ya kabla ya 1900. Herufi Y ni ya kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930. Herufi E ikifuatwa na nyingine, kama EA, ni ya baadaye, kiwanda hicho hicho. Ukiona modeli 15K au 201K, hiyo K ni ya huko pia. Kiwanda kilifungwa 1980, kwa hiyo muuzaji akisema imetoka Uskoti juzi, mwache aongee.

Kupima: legeza sindano uitoe, zungusha gurudumu kuelekea kwako. Likikaza sawasawa mzunguko mzima, ni mafuta yaliyoganda tu. Likikwama sehemu ile ile kila mzunguko, kuna uzi umejisokota kwenye shatoo (kile kipande kinachobeba bobini) au kuna kipande kimepinda. Kuganda kuna dawa: mafuta ya taa kidogo kwenye kila tundu la mafuta, acha usiku, zungusha taratibu, futa, kisha weka mafuta ya cherehani. Usilazimishe kwa spana. Na usisugue mwili kwa spiriti, inayeyusha rangi ya juu na zile nembo za dhahabu, hazirudi.

Gusa meno yanayosukuma kitambaa. Yakiwa butu kama ufizi, kitambaa kitakuwa kinasimama. Vipuri vya Singer 15 ni rahisi kupata kwa sababu cherehani za Kichina, kama Butterfly, zilinakili muundo wake. Zile zinazotumia shatoo ndefu kama mtumbwi ndizo za kuangalia mara mbili: shatoo ikikosekana, unabaki na pambo. Vuta kile kifuniko cha kuteleza, hakikisha imo ndani pamoja na bobini yake nyembamba.

Mdau wa Nyamanoro

Sarafu, wakuu. Rupia ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66 na kipenyo cha milimita 30. Madini yake ni fedha (silver), sehemu 917 kwa 1000. Nenda nayo kwa sonara, mizani yake inatosha. Ikiwa gramu 9 au 10, au sumaku ikiivuta, rudisha. Za mwanzo zimeandikwa jina la kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, na rupia moja ilikuwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa. Kuanzia 1904 zimeandikwa Deutsch Ostafrika, na rupia ikawa heller 100.

Kitu cha kupendwa kwetu kanda hii ni heller 20 ya 1916 iliyogongwa Tabora. Wakati wa vita Wajerumani walizibiwa bahari, sarafu hazikuingia, wakagonga zao kwa shaba. Ina herufi T, na sura yake ni ya haraka haraka. Ukorofi huo ndio uhalali wake. Ile ya dhahabu yenye tembo, rupia 15, usiamini ya mtaani bila sonara na mtaalamu: ya kweli ni kama gramu 7.2.

Shilingi za Afrika Mashariki zenye simba: za 1921 hadi 1946 zina fedha robo, kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Na tafadhali, msisugue! Ndimu, majivu, Brasso, brashi ya waya, vyote vinakwangua ngozi ya sarafu, na mnunuzi anayejua ataiona mara moja. Maji na sabuni laini, kausha kwa kugandamiza, hifadhi kwenye karatasi. Yenye kikuku kilicholehemiwa ilivaliwa shingoni. Kwa wakusanyaji thamani imeshuka, ila historia yake ni nzuri.

Mdau wa Kisesa

Kabla hujanunua kigoda au ngoma ya Kisukuma, pita Makumbusho ya Bujora hapa Kisesa ukaone vya kweli. Kigoda kilichokaliwa hulainika pale makalio na vidole vinapogusa, na chini mbao hubaki kavu. Kilichozeeshwa kwa oili chafu na moshi huwa cheusi kila mahali, na ukinusa utajua. Matundu ya wadudu ya kweli hupinda, ya drili hunyooka.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Meno ya tembo, ya kiboko, ngozi ya chui: usiguse, hata ukiambiwa ni ya babu.

Mdau wa Mlango Mmoja

Nguo, kwa kifupi. Fika asubuhi robota linapofunguliwa. Nyuzi ya pindo la ndani ikichomwa, kwa ruhusa ya mwenye meza, sufu hunuka nywele na kuacha jivu linalosagika, plastiki huacha kidonge kigumu. Inua koti kwenye mwanga kutafuta matundu ya nondo. Likiwa nayo mawili matatu, huenda kwenye kola na mapindo yapo mayai pia: lifunge kwenye mfuko, ligandishe kwenye friza siku tatu kabla halijaingia kabatini.

Mdau wa Igoma

Kaka wa Kirumba, ngozi ya pampu ikiwa imeoza kabisa?

Mdau wa Kirumba

Kata duara kwenye ngozi ya mkanda wa zamani, unene wa milimita 2, pana kuliko bomba kwa milimita 4 au 5 kila upande. Loweka maji ya uvuguvugu, sukuma ndani ya bomba la pampu kwa kipini cha mbao ishike umbo la kikombe, acha ikauke humo humo siku mbili. Kisha ndipo mafuta.