Povu jeupe juu ya shimo la matofali, Nachingwea: mdudu au chura?

Mwana_Nachingwea:
Wakuu, salaam. Kuna mti umeinamia shimo tulikochimba udongo wa matofali, sasa limejaa maji. Tangu mvua zikolee, matawini kuna mapovu meupe ya ukubwa wa ngumi, mengine zaidi, nje yameshika ganda. Mafundi wanataka kukata tawi. Ni nini hiki?

Kusini_Porini:
Povu la mdudu huchuruzika muda wote, na ukilipangusa unamkuta mwenyewe ndani. Hilo lenye ganda ni la chura, Chiromantis xerampelina. Jike hutoa ute na kuuchapa kwa miguu ya nyuma hadi uumuke, madume yamemzunguka. Ndani kuna mayai mamia.

Mtafute mwenyewe mchana. Anakaa juani kweupe, miguu kaikunja chini ya tumbo, ngozi imegeuka karibu nyeupe. Haipotezi maji ovyo kama ya vyura wengine. Vidole vya mbele vinakabiliana viwili kwa viwili kama koleo, na mboni ya jicho imelala. Mboni ikiwa wima, huyo ni chura mwingine wa mitini, Leptopelis, naye hufukia mayai ardhini, hatundiki povu.

Mwana_Nachingwea:
Nimekupata mkuu. Tukilitumbukiza povu majini moja kwa moja?

Fundi_Lambo:
Hapana! Mayai yanapata hewa kwenye vile vipovu. Ukiyazamisha mapema yanakufa.

Kama tawi lazima liondoke, likate jioni pamoja na povu lake bila kulitikisa, kisha lifunge kwenye nguzo iliyosimikwa ndani ya shimo, kimo kilekile. Kosa la wengi ni kusimika nguzo ukingoni: maji yakipungua kidogo, viluwiluwi vinaangukia tope. Vinadondoka vyenyewe baada ya siku 4 hadi 6 hivi, povu likishalainika upande wa chini.

Kusini_Porini:
Naongezea. Mkiona kichura cha kahawia chenye michirizi miwili mipana ya fedha mgongoni kimezamisha kichwa kwenye povu, si mtoto wa huyo. Ni Afrixalus fornasini, anakula mayai. Mwacheni, ni mambo yao.

Wa kuwahofia zaidi ni mafundi wenu. Viluwiluwi vinahitaji wiki kadhaa majini mpaka viote miguu, kwa hiyo maji ya kukandia udongo choteni shimo jingine.