Baridi na upepo wa mbisho (wa usoni) vimenishinda kilomita ya 71, naombeni ushauri

Kanyagapole (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nimebakiza wiki 9 kufikia safari ya baiskeli ya kilomita 160 niliyojiandikisha, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya zoezi refu. Jumamosi iliyopita nilipanga kilomita 110. Nyuzijoto 6, upepo kama kilomita 35 kwa saa. Kwenda nilikuwa nao mgongoni, baiskeli inateleza yenyewe kwa 32, 33, sihemi, jasho limenilowesha mpaka mbavuni. Nikageuza kilomita ya 55.

Kurudi niliweza kilomita 16 tu. Kasi 15, kichwa chini, vidole vimekufa ganzi hadi gia nabadili kwa kusukuma na kiganja kizima. Nikashuka, nikajikunyata nyuma ya ukuta, nikampigia kaka yangu aje na gari. Dakika 40 za kumsubiri nilitetemeka huku machozi yananitoka. Miguu ilikuwa bado inaweza. Moyo ndio uliokatika.

Nyinyi mnavumiliaje saa 4 au 5 za hali hii? Ni ukakamavu unaokuja kwa mazoea, au kuna mahali nakosea? Au niachane na barabara nipige pedali ndani mpaka hewa itulie?

Gia_Nyepesi

Pole sana ndugu. Moyo wako hauna kasoro, kasoro ni ya njia. Siku ya upepo anza nao usoni ungali na nguvu na nguo kavu, urudi nao mgongoni. Wewe ulifanya kinyume: ukalowa jasho kwenye mteremko wa bure, kisha ukageuka kuukabili upepo na fulana mbichi.

Na hesabu yake ni hii. Ukienda 25 huku upepo wa 20 unakuja usoni, mwili wako unapasua hewa ya 45. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi hiyo, kwa hiyo unasukumwa nyuma kwa zaidi ya mara 3 ya siku tulivu. Anayeng'ang'ania kasi yake ya kawaida hapo anajimaliza ndani ya nusu saa. Mimi siku kama hizo nabandika utepe juu ya kasi kwenye kompyuta ya baiskeli, nabaki na muda na mapigo ya moyo. Naweka gia nyepesi, miguu izunguke kama mara 85 kwa dakika, na pumzi iwe ile ya kuweza kusema sentensi nzima. Kama ni 14 kwa saa, basi ni 14. Zoezi ni saa ulizokaa ukifanya kazi, na upepo unakupa kazi kama mlima.

Halafu usiende mbali kwa mstari mmoja. Gawa 110 iwe mizunguko mitatu inayopita karibu na nyumbani. Kila mzunguko una sehemu ya mbisho na sehemu ya kupumzika, na ukizidiwa hauko kilomita 50 kutoka kwenye mlango wako.

Sufu_na_Kizibao

Ulivaa nini? Naona kama ni fulana ya pamba.

Kanyagapole

Pamba ndani, jezi juu, jaketi zito la mvua. Glavu zile za vidole wazi.

Sufu_na_Kizibao

Basi hapo ndipo ulipoumia. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Jaketi la mvua likazuia jasho lisitoke. Uligeuza, ukawa unakwenda 15 dhidi ya upepo wa 35, yaani hewa ya 50 kifuani. Nyuzi 6 kwa mwendo huo ngozi inazihisi kama 0.

Ndani vaa sufu nyembamba au polyester inayobana mwili, kati jezi ya mikono mirefu, juu kizibao cha kuzuia upepo chenye mgongo unaopumua. Magoti yafunikwe. Glavu za vidole vilivyofungwa, na jozi ya pili kavu kwenye mfuko wa plastiki. Kuzibadili katikati ya safari ni raha ambayo siwezi kuieleza. Dakika 10 za kwanza usikie kibaridi kidogo. Ukitoka nyumbani na joto tele, umevaa kupita kiasi.

Ukikosa kizibao, gazeti chini ya jezi linafanya kazi. Waendesha baiskeli wa Tour de France, yale mashindano makubwa ya Ufaransa, walikuwa wakipokea magazeti kwa watazamaji kileleni na kuyatia kifuani kabla ya kushuka.

Tairi28

Ndugu zangu tusimdekeze. Bingwa wa baiskeli Mfaransa Bernard Hinault alishinda mbio za Liège–Bastogne–Liège kule Ubelgiji mwaka 1980 kwenye theluji, wakamaliza watu 21 tu. Baridi ni ya kuzoea.

DadaSpoki

Mkuu, malizia habari yenyewe: Hinault alitoka pale na vidole viwili ambavyo havikurudi sawa tena. Huo haukuwa mfano wa zoezi la Jumamosi.

Kanyagapole, kumpigia kaka yako simu ulifanya vyema, usilione ni aibu. Mikono ikishindwa kushika breki, huna baiskeli salama. Na kutetemeka kukikoma bila wewe kupata joto, ulimi ukawa mzito, hiyo ni hatari ya kweli, mtu aingizwe ndani mara moja.

Nikuulize: kuanzia kilomita ya 40 ulikula nini?

Kanyagapole

Sikula kitu. Maji nusu chupa. Sikuwa na kiu.

DadaSpoki

Baridi huficha kiu, lakini jasho linatoka vilevile. Kunywa kidogo kila dakika 15, na kula wanga kama gramu 60 kila saa kuanzia saa ya kwanza, njaa iwepo isiwepo. Fungua vifungashio ukiwa nyumbani, ukate vipande vya kushikika na glavu. Huko kukatika moyo unakokusema, kwa uzoefu wangu, mara nyingi ni sukari imeisha mwilini.

Ndani piga siku yenye barafu barabarani au dhoruba. Siku nyingine toka, maana mashine ya ndani haikufundishi upepo wa ubavuni. Upepo huo ukija, legeza mabega na viwiko, shika chini kwenye usukani, na jihadhari unapotoka nyuma ya ukuta au lori likikupita.

Kanyagapole

Wakuu, nimerudi leo. Nyuzi 7, upepo 30. Mizunguko mitatu, kilomita 104, saa 4 na dakika 50, nimemaliza mwenyewe. Mzunguko wa pili kwenye mbisho nilianza kuitafuta simu mfukoni, nikakumbuka kula kwanza. Baada ya robo saa nilikuwa mtu mwingine. Asanteni sana, kutoka moyoni.

Vidole vya mikono salama. Vya miguu sikuvihisi kuanzia saa ya tatu, na nilivaa soksi mbili.

Sufu_na_Kizibao

Vua moja. Mbili zinabana kiatu, damu haifiki. Soksi moja ya sufu, legeza mikanda, vaa kifuniko cha kiatu cha kuzuia upepo. Vikianza tena ganzi, shuka utembee dakika mbili ukisukuma baiskeli.