Radix, React Aria au shadcn/ui? Karani wetu wa mikopo anatumia kisoma skrini

fundi_moro

Wakuu, salaam. Natengeneza mfumo wa SACCOS moja hapa Morogoro, wa kutumika kwenye kivinjari: maombi ya mkopo, marejesho, taarifa za hisa. Naandika kwa React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa) na Tailwind (ya kupangia mwonekano).

Karani wa mikopo haoni, anatumia NVDA, programu inayomsomea skrini kwa sauti, kwenye laptopu ya ofisi. Mfumo uliopo sasa umemfungia nje kabisa. Menyu ya kuchagua aina ya mkopo ni div tupu (visanduku vya HTML visivyo na maana yoyote) zilizopakwa rangi. Ukibonyeza Tab inazirukia mbali, na NVDA ikizigusa haisemi kwamba hapo pana kitu cha kuchagua. Matokeo yake mwenzake ndiye anamjazia fomu, na mshahara na madeni ya mwanachama yanasomwa na watu wawili badala ya mmoja. Mtu anaijua kazi yake vizuri, halafu anakaa pembeni anasubiri. Hili linaniuma.

Natafuta komponenti (vipande vya ukurasa vilivyokwisha kujengwa, kama vitufe na menyu) nitakazozivika rangi za chama, kijani na njano, bila kupigana nazo, na ambazo karani atazitumia kwa kibodi tu, mwanzo hadi kutuma. Nani ametumia kazini maktaba hizi tatu za komponenti: Radix, React Aria na shadcn/ui?

njano_na_nyeusi

Mkuu, shadcn/ui huisakinishi kama maktaba nyingine. Unatoa amri, kodi (msimbo) ya komponenti inanakiliwa ndani ya mradi wako, na kuanzia hapo ni yako, unaikata unavyotaka. Rangi zote zinakaa kwenye vigeu vya CSS, unabadilisha sehemu moja tu. Ila wakirekebisha kasoro huko kwao, kwako haiji yenyewe, lazima uifuate.

Na hiyo njano uiangalie. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, unataka uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Nyeupe juu ya njano haifiki hata karibu. Weka nyeusi.

asiyeona_anakodi

Ndugu, mimi mwenyewe sioni, na kazi yangu ni kuandika kodi, kwa NVDA hiyohiyo. Nikwambie kinachotokea upande wetu.

Nabonyeza Enter kwenye kitufe cha "Omba mkopo", dirisha linafunguka juu ya ukurasa. Likiwa limejengwa vizuri, fokasi, yaani mahali kibodi inapofanyia kazi, inahamia ndani, nasikia kichwa cha dirisha, Tab inazunguka humohumo, Esc inalifunga, na narudishwa kwenye kitufe kilekile nilichotoka. Likijengwa ovyo, dirisha limefunguka lakini mimi bado natembea kwenye ukurasa wa nyuma, sijui hata kama pana kilichobadilika. Radix inakupa hayo yote tayari bila kukulazimisha mwonekano wowote, na ukisahau kichwa cha dirisha inakulalamikia kwenye konsoli ya kivinjari. shadcn/ui ilijengwa kwanza juu ya Radix, kwa hiyo ukiitumia na Radix dirisha lake limerithi tabia hiyo.

Kwa fomu zako mimi ningechukua React Aria ya Adobe. Sehemu ya kujaza inajiunganishia yenyewe lebo, maelezo na ujumbe wa kosa, kwa hiyo karani akifika kwenye kiasi cha mkopo anasikia pia kwamba kimezidi kikomo. Ina kalenda pia, Radix haina. Lakini sikiliza: maneno yake ya ndani yametafsiriwa kwa lugha zaidi ya 30, na Kiswahili hakimo. Ukiweka sw-TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, majina ya miezi yanatoka kwenye kivinjari, unasikia "Machi", halafu kitufe cha pembeni kinasema "Next". Viandikie aria-label (jina ambalo kisoma skrini hulisoma) ya Kiswahili, kimoja kimoja, kisha usikilize. Tarehe ya kuzaliwa usiiwekee kalenda kabisa, hakuna anayependa kurudi nyuma miezi mia nne. Weka visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka.

Kingine ambacho hakuna maktaba itakufanyia: andika lang="sw" kwenye tagi ya html. Bila hiyo NVDA inaisoma fomu nzima kwa matamshi ya Kiingereza, na "wadhamini" linatoka neno ambalo inabidi nilirudie herufi kwa herufi. Ukiiweka, eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja na NVDA, inahamia sauti ya Kiswahili.

Na aina za mkopo zikiwa tano au sita, tumia select (orodha ya kuchagua) ya kawaida ya HTML. Inafanya kazi kila mahali, hata kwa TalkBack, kisoma skrini cha Android, kwenye simu ya mwanachama.

fundi_moro

Nashukuru sana, dada au kaka. Aina za mkopo ni nne: dharura, elimu, kilimo, maendeleo. Basi select. Madirisha na fomu nachukua React Aria. Nipimeje kabla ya kumpelekea?

asiyeona_anakodi

Dada. NVDA ni bure, ipakue uiweke kwenye Windows yako. Kwanza weka kipanya pembeni ujaze ombi zima kwa Tab, mishale, Enter na Esc. Uangalie pia kama mstari unaoonyesha fokasi unaonekana, maana wengi wanaufuta kwa kuona unaharibu urembo. Kisha washa NVDA, zima skrini, rudia. Bonyeza H uone kama unaruka kutoka kichwa cha sehemu moja hadi kingine. Usiseme imekamilika mpaka karani mwenyewe ametuma ombi la kweli mbele yako, na wewe umekaa kimya.