Dodoso la utafiti wa biashara ya asali kwa Waogiek wa Mau: nipime nini hasa?

Mwanafunzi_wa_Ushirika

Habari zenu wanajukwaa. Naandaa pendekezo la shahada ya uzamili kuhusu ujasiriamali wa jamii asilia, na nimechagua ufugaji nyuki wa Waogiek, jamii ya msitu wa Mau nchini Kenya, upande wa Mariashoni na vijiji jirani. Mpango ni kaya 120, dodoso moja, ziara moja kwa kila kaya. Nataka kulinganisha faida ya mzinga wa gogo na ya Langstroth (mzinga wa sanduku wenye fremu za kutolewa), tena nione kama wanachama wa vikundi wanapata zaidi kuliko wasio wanachama. Hesabu za namna hii huharibika wapi? Na vibali vinafuatana vipi?

Nta_na_Asali

Huharibika kwenye vipimo, hata kabla hujafika kwenye nadharia. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina takriban kilo 1.4. Debe la lita 20 likijaa asali safi lina kilo 28. Chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 420 hivi. Mhojiwa akisema "madebe mawili" nawe ukaandika kilo 40, umempunja kilo 16 kwenye karatasi. Uliza chombo gani, kilijaa kiasi gani, na ndani kulikuwa na nini: masega mazima, asali iliyokamuliwa kwa mkono, au iliyochujwa. Debe la masega limebeba nta, chavua na hewa. Nenda na mizani ya kuning'iniza, upime vyombo kadhaa katika kila kijiji.

Idadi ya mizinga nayo ni mtego. Ukiuliza "una mizinga mingapi?" utatajiwa yote iliyotundikwa. Wewe unataka namba tatu: iliyotundikwa, iliyoingiwa na nyuki msimu huo, na iliyorinwa. Ukigawanya mavuno kwa namba ya kwanza, gogo litaonekana halifai kitu. Mfugaji hutundika magogo katika miinuko tofauti ili afuate maua yanavyochanua, akijua wazi kwamba mengine yatakaa matupu.

Halafu nta. Kwenye gogo masega hukatwa na kukamuliwa, kwa hiyo kila ukirina unapata nta, kama kilo 1 kwa kila kilo 10 hadi 15 za asali. Kwenye Langstroth fremu hurudishwa mzingani baada ya kukamuliwa kwa mashine. Nta ni kidogo sana, na mashine yenyewe ni gharama. Ukipima asali peke yake umeshamchagua mshindi.

Bi_Mizania

Naongezea kwenye asali isiyouzwa, maana hapo ndipo tafiti nyingi za biashara za jamii asilia hupotea. Kuna asali ya mahari, ya sherehe, ya dawa, ya pombe ya asali. Dodoso linaloanza na "uliuza kilo ngapi" huitupa yote kwenye kisanduku cha "matumizi ya nyumbani". Lakini asali aliyopewa jirani kwa kusaidia kutundika magogo ni malipo ya kazi. Tengeneza jedwali la safu nne: kiasi, kilikwenda kwa nani, kwa sababu gani, na nini kilirudi.

Kazi uithamini kwa ujira wa kibarua wa pale pale kijijini, siyo wa Nakuru mjini. Kuchonga gogo kwa shoka na tezo, kulipasua, kulikomba ndani, kulipandisha mtini: hizo ni siku za watu. Onyesha faida mbili, ya fedha taslimu tu na ya baada ya kutoa thamani ya kazi. Ukionyesha ya pili peke yake, karibu kila biashara ndogo itasoma hasara hata kama mwezi huo hapakuwa na kibarua kingine cha kufanya.

Bei usiiulize bila tarehe. Anayedaiwa karo Januari hurina masega ambayo bado hayajafunikwa nta. Asali hiyo ina maji mengi, na ikipita asilimia 20, ambayo ndiyo kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni rahisi kuchachuka. Mnunuzi anashusha bei, nawe unaandika "elimu duni ya ubora" wakati tatizo lilikuwa karo.

Kuhusu vikundi: aliyejiunga huenda alikuwa na mizinga mingi tangu mwanzo. Uliza alikuwa na mingapi kabla ya kujiunga, na watafute waliojitoa. Orodha ya katibu haina majina yao.

Mwanafunzi_wa_Ushirika

Asanteni sana. Basi ziara moja haitoshi? Na je, nichukue alama za GPS za mizinga?

Kibali_Kwanza

Ziara moja haitoshi. Nenda kila baada ya mavuno. Afadhali kaya 60 mara tatu kuliko 120 mara moja.

GPS za mizinga, usichukue kabisa. Mingi iko ndani ya msitu uliotangazwa wa serikali. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba serikali ya Kenya imevunja haki za Waogiek, na mwaka 2022 ikaamuru fidia ya shilingi milioni 57.85 za hasara ya mali na milioni 100 nyingine za madhara yasiyo ya mali. Bado Novemba 2023 watu walifurushwa Sasimwani, Narok. Ramani yako yaweza kumwonyesha mwizi wa asali njia, au afisa wa kufurusha. Andika jina la kijiji, uishie hapo. Tena ueleze mapema kwamba dodoso halihusiani na fidia, la sivyo majibu ya mapato yatavutwa juu au chini kufuatana na tetesi za wiki hiyo.

Mpangilio: zungumza kwanza na wazee, wanawake na vijana, kila kundi kivyake, swali la utafiti likiwa bado linabadilika. Kisha kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa inayoidhinisha utafiti), kisha uripoti kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Leseni haichukui nafasi ya ridhaa ya jamii. Kanuni za maadili ya utafiti za Wasan, jamii asilia ya Afrika Kusini, za mwaka 2017, ni fupi na zinafaa kusomwa na kikundi kizima. Majina na namba za simu yaweke faili tofauti na majibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama ni mwanafunzi.

Unyevu wa asali upime hapo hapo kwa refraktometa, tone moja linatosha. Ukitaka chavua ichunguzwe kwenye maabara ya nje ya nchi, hiyo ni rasilimali ya kijenetiki: kuna kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya kanuni za 2006 na mkataba wa kuhamisha sampuli. Kwa ratiba ya uzamili, ningeiacha.